Jinsi ya kutengeneza Harvard ya Mweiga kwa skeli ya 1/72, na uanze na tumbo

Wengi wetu tukianza hii hobi ya kuunda ndege tunakimbilia Spitfire, na silaumu mtu, ile ndege inapendeza hata ukiipaka rangi vibaya, mimi mwenyewe nishaunda tatu. Lakini kwa mtu wa Kenya kuna ndege moja ya kivita ambayo sijawahi kuikuta kwa meza ya mtu, nayo ni Harvard. Ilikuwa ndege ya kufundishia tu, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, injini moja ya mviringo ya Pratt & Whitney ya nguvu za farasi 600. Mwaka wa 1953 RAF, jeshi la anga la Uingereza, wakazileta hapa kutoka Rhodesia, kikosi kikaitwa 1340 Flight (na injini yenyewe inaitwa R-1340, hiyo ni bahati tu lakini hunichekesha), wakazifunga vibomu vya ratili 20, yaani kilo 9, chini ya mabawa na bunduki moja ya risasi, zikawa zinaruka kutoka Mweiga kule Nyeri kupiga msitu wa Aberdare na Mlima Kenya ambako Mau Mau walikuwa. Lincoln kubwa za injini nne zilikuja baadaye, hizo zikiruka kutoka Eastleigh hapa Nairobi, lakini kwa watu wa kule juu ndege ya kila siku ilikuwa Harvard.

Cucu wangu, yaani nyanya, alikuwa msichana wakati huo. Nikamwonyesha picha kwa simu, Harvard imepigwa kutoka kando, imeegeshwa vizuri, rubani anatabasamu. Akaangalia akasema hiyo haijui. Nikatafuta ingine imepigwa kutoka chini ikipita angani, hapo akanyamaza kidogo, akasema "hiyo."

Basi huo mwongozo wote umesimama hapo. Watu wanaounda modeli huweka bidii yote juu, kokpiti, mgongo, mabawa upande unaoonekana ukiiweka kwa shelfu, na tumbo wanalipaka haraka haraka kwa sababu nani ataligeuza. Hii tunaigeuza. Tunaiunda ikiwa inaruka, magurudumu ndani, propela inazunguka, na itaning'inia juu, ili anayeiangalia aiangalie kutoka pale watu walipokuwa.

Kununua

Seti za plastiki za Harvard kwa 1/72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, ziko za kutosha. Airfix walitoa Harvard II zamani, ni seti nzee, mistari yake imeinuka badala ya kuzama na vipande havikai vizuri sana, lakini ni rahisi na inasamehe makosa. Academy wana T-6G ambayo imetengenezwa vizuri zaidi, ila jua kwamba T-6G ni zile zilizofanyiwa ukarabati Marekani kuanzia 1949 na kioo chake cha juu kina fremu chache kuliko cha Harvard ya RAF. Ukiwa mtu wa kuhesabu vyuma vya dirisha itakusumbua. Mimi ningechukua iliyoandikwa Harvard kwa boksi, halafu makosa ya plastiki nirekebishe mwenyewe.

Kwa skeli hii bawa hadi bawa ni kama sentimita 17.8, ndege yenyewe ilikuwa mita 12.8 hivi, kwa hivo inatoshea kwa kiganja na meza ya kulia chakula inatosha kabisa kuwa karakana.

Kama unaagizia mtu anayekuja kutoka Uingereza au Dubai, mwambie abebe seti peke yake. Gundi na rangi za kopo ni vitu vya kushika moto, haviruhusiwi kwa ndege, na utamweka ndugu yako kwa shida pale airport bure. Rangi tutapata hapa.

Vifaa

Usidanganywe na video za watu wenye meza imejaa mashine. Nail cutter ya kawaida inakata vipande kutoka kwa fremu (ile miti ya plastiki inayovishikilia) vizuri, hakikisha tu upande ulionyooka ndio unaelekea kipande. Duka la dawa watakuuzia wembe wa daktari namba 11 na mpini wake. Duka la vifaa vya saluni lina koleo ndogo ya nyusi na ile sponji ya kung'arisha kucha, na hiyo sponji nakuambia ni dhahabu. Kwa wauza rangi za magari chukua sandpepa ya maji namba 400, 800, 1200 na 2000, masking tepu, praima ya kijivu ya kupuliza, na silva ya kupuliza. Toothpick, vibanio vya nguo, rababendi, hizo ziko nyumbani. Gundi utahitaji tatu: ile nyepesi ya plastiki ambayo inayeyusha na kuunganisha, supaglu, na gundi nyeupe ya watoto wa shule. Kila moja ina kazi yake na ukizichanganya utalia.

Na tafadhali, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni usiiguse kwa modeli. Inakula plastiki. Nishapoteza bawa zima hivo nikijaribu kufuta alama ya kidole.

Hatua ya kwanza ni kuosha, halafu kujaribisha bila gundi

Fremu zote zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi ya meno nyepesi, kwa sababu zinatoka kiwandani na mafuta na rangi haitashika. Weka chujio kwa sinki kwanza, vipande vidogo hutoroka. Anika zikauke zenyewe.

Kisha kata vipande vikubwa tu, nusu mbili za mwili, mabawa, mkia, uvishikanishe na tepu bila gundi yoyote. Hapa ndio unagundua shida mapema. Seti nzee huwa na pengo pale bawa linaingia kwa mwili, na hiyo ndiyo sehemu inayoonekana kabisa kutoka chini, kwa hivo kwaruza ndani polepole mpaka vikae. Jioni moja nzima inaweza kuishia hapo na ni sawa.

Marubani

Kokpiti sitakaa sana, itaonekana kidogo. Paka ndani kijani kilichofifia, dashibodi nyeusi, halafu chukua brashi yenye rangi ya fedha karibu kukauka, ipanguse kwa tishu mpaka ubaki na kama hakuna kitu, upitishe juu ya vile vidude vilivyoinuka. Lakini kwa kuwa ndege inaruka lazima kuwe na mtu ndani. Seti ikikosa watu, omba rafiki aliyeunda ingine, huwa wanabaki kwa boksi. Magwanda ya marubani usiyang'arishe, rangi zote ziwe butu.

Kufunga mwili

Hii gundi nyepesi haipakwi halafu ukashikanisha kama chapati na mayai. Shikanisha nusu mbili kwanza, ziwe kavu, zibane kwa vidole, halafu gusa mstari na ncha ya brashi yenye gundi kidogo, utaona inakimbia yenyewe kufuata ufa, unasogea sentimita mbili unagusa tena. Ukimaliza mzunguko bana kidogo mpaka plastiki iliyoyeyuka itoke kwa ufa kama uzi mwembamba, hiyo usiiguse saa hiyo hata kama inakuwasha vidole. Funga na rababendi na tepu, uende ulale, kesho yake jioni ndio unakwaruza ule uzi na wembe kisha sandpepa 400, 800, 1200, zote na maji, maana vumbi la plastiki si la kuvuta.

Pengo likibaki, supaglu ukichanganya na poda ya mtoto inakuwa kama lipu, inakauka kwa dakika chache. Isuguliwe siku hiyo hiyo, ukiiacha wiki inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na utachimba shimo pembeni yake.

Mabawa, na viberiti

Harvard ina umbo lake la bawa ambalo ukilikosea hata mtu asiyejua ndege ataona kitu hakiko sawa. Sehemu ya katikati, ile inayopita chini ya mwili, iko sawa kabisa kama meza. Kutoka hapo kwenda nje ndio bawa linapanda. Tena ukingo wa mbele umelala kurudi nyuma, wa nyuma karibu umenyooka. Kutoka chini hilo ndilo umbo unaloliona.

Sasa ile pembe ya kupanda, usiiamini kwa macho. Chukua vitabu viwili vya urefu sawa vishike mwili katikati, na chini ya kila ncha ya bawa panga viberiti, idadi sawa kila upande, ongeza vipande vya kadi mpaka zilingane. Pima na rula kutoka meza hadi ncha ya kushoto, kisha ya kulia. Ikitofautiana zaidi ya milimita moja rekebisha kabla gundi haijashika. Halafu piga magoti uangalie kutoka mbele, jicho moja limefungwa, mkia wa nyuma nao ulale sambamba na bawa la katikati. Uiache hivo usiku kucha na uwaambie watu wa nyumbani, mpwa wangu alichukua kiberiti kimoja kuwasha mshumaa stima ilipopotea na nikaamka na ndege kiwete.

Magurudumu yanaingia kuelekea ndani, kwa katikati. Miguu inafunikwa na vibao vyake lakini gurudumu lenyewe linabaki linaonekana limelala, kwa hivo usizibe tu na bati ukadhani umemaliza. Paka tairi kijivu cha giza, si nyeusi. Gurudumu la mkia haliingii, linabaki nje.

Vibomu

Vinane, vinne kila upande. Hapa ndipo watu hupotea, wanachukua bomu kutoka kwa seti ya ndege kubwa wanabandika, inakaa kama imebeba mitungi ya gesi. Kwa skeli hii kibomu cha ratili 20 hakipaswi kuzidi punje ya mchele. Toothpick ndiyo kipimo: isugue na sandpepa huku unaizungusha mpaka unene upungue na ncha iwe butu, kata, mapezi ya nyuma tengeneza na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, vipande vinne vidogo vidogo, supaglu kwa ncha ya sindano. Kila kimoja kinachukua kama nusu saa. Nilipofika cha tano nilitaka kuweka vinne tu na niseme vingine vishaangushwa, na kusema ukweli hiyo si mbaya kama wazo, ukichoka fanya hivo, ila viondoe kwa usawa wa kushoto na kulia.

Rangi

Kwanza elewa hii silva ni ya aina gani. Ndege za mafunzo za RAF za miaka hiyo zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha, na mikanda ya njano kwa mabawa na kwa mwili upande wa nyuma. Imepakwa, si bati tupu. Kwa hivo ile mbinu ya kuweka nyeusi inayong'aa chini ili silva ing'ae kama kioo hatuihitaji hapa, praima ya kijivu inatosha, tunataka mng'ao uliotulia kama sufuria iliyotumika miaka.

Rangi ya magari ni kali na plastiki ni laini, ukiimwaga nzito uso unapasuka kama tope lililokauka. Jaribu kwanza kwa kijiko cha plastiki. Kopo liweke kwa maji ya vuguvugu dakika kumi (maji tu, jikoni usilipeleke), tikisa mpaka mkono uchoke, simama sentimita 25 hivi, anza kupuliza nje ya modeli, pita juu yake, maliza nje. Ukungu mwembamba, subiri dakika kumi na tano, mwingine, subiri, mwingine. Vaa maski, na uwe nje au dirisha liwe wazi. Nairobi mwezi wa saba asubuhi usijaribu, hewa ina unyevu na rangi inatoka na weupe kama imeota ukungu, ngoja saa saba jua likitoka.

Praima ikikauka itakuonyesha kila ufa uliodhani umeuziba. Silva haisamehi, inatangaza. Rudi na lipu ya poda, sugua, praima tena. Mimi nilirudi mara tatu.

Njano inatangulia. Njano juu ya silva inageuka rangi ya haradali mbaya, kwa hivo puliza nyeupe mahali pa mikanda, kisha njano, acha siku mbili, funika mikanda na tepu. Tepu ya dukani ina kingo chakavu, ibandike kwa kipande cha kioo, kata ukingo mpya na wembe na rula, ndio uiweke kwa ndege. Kandamiza kingo na ukucha. Kabla ya silva puliza njano tena kidogo juu ya kingo za tepu, ikivuja itavuja njano kwa njano na itaziba nafasi, halafu silva. Vua tepu rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukivuta kwa pembe kali kurudi nyuma.

Dekali

Dekali ni zile alama za kubandika kwa maji. Angalia zile duara za RAF kwa seti yako. Za wakati wa vita vya pili zina rangi iliyokolea na vipimo vingine, nyingi zina mviringo wa njano nje. Kuanzia 1947 walibadilisha wakaweka nyekundu, nyeupe na bluu zinazong'aa, upana sawa. Kwa Kenya ya 1953 unataka hizo za pili, zinauzwa kando kwa karatasi zake. Chini ya mabawa kulikuwa na duara na pia namba ya ndege kwa herufi kubwa, hizo ndizo mtu wa chini angeziona. Namba gani hasa, tafuta picha, Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya Uingereza, wana mkusanyiko wa Kenya ya wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau, chagua ndege moja na uishikilie hiyo hiyo.

Puliza klia inayong'aa kwanza, ile vanishi isiyo na rangi. Dekali ichovye kwa maji ya vuguvugu sekunde kumi, itoe, iache ilegee yenyewe kwa tishu, isukume na brashi iliyolowa mpaka mahali pake, ukaushe maji kutoka katikati kwenda nje. Ikikataa kulala kwa mistari, siki nyeupe kidogo na brashi, itakunjamana uogope, iache, itanyooka.

Uchafu, na pikipiki yangu

Hapa nimejifunza zaidi kwa pikipiki kuliko kwa video. Wikendi huwa napanda na DT yangu mpaka barabara za mashamba kule Mweiga na Endarasha, nje ya fensi ya Aberdare, na nikirudi siioshi mara moja, naikagua. Tope halikai kila mahali. Linakaa nyuma ya kitu, chini ya mkono wa springi, kwa pembe ambazo upepo haufiki, na pale mguu unasugua pako safi. Moshi wa egzosi hautoi doa jeusi tu, unatoa kahawia, halafu kijivu, unarefuka kufuata upepo na unafifia. Oili inavuja kidogo, vumbi linashika pale pale kwa oili, inakuwa kama ukoko.

Harvard egzosi yake iko upande wa kulia peke yake. Kwa hivo mkwaruzo wa masizi ni kulia tu, kutoka karibu na pua, unapita ubavuni kuelekea bawa. Sasa ujanja, ukiwa umeigeuza tumbo juu na pua imekutazamisha mbali, bawa la kulia liko mkono wako wa kushoto. Mimi nilipaka masizi mazuri sana, yamefifia vizuri, upande usio na egzosi. Bandika kijitepu kimeandikwa EGZOSI kabla hujaanza.

Masizi ni penseli ya mkaa iliyosagwa, kahawia kidogo ya chaki, brashi laini, kutoka mbele kwenda nyuma. Oili ni rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia nzito iliyolegezwa na teripentaini, vitone viwili vitatu chini ya injini, uvivute nyuma na brashi kavu. Na vumbi, nilibeba udongo mwekundu wa Mweiga kwa mfuko wa maziwa, nikaukausha juani, nikauchekecha kwa soksi ndefu ya akina dada mara mbili mpaka ukawa kama unga wa uji. Upake nyuma ya visima vya magurudumu na kwa gurudumu la mkia, kidogo kabisa, kisha upulize klia isiyong'aa kutoka mbali. Ukiona umependeza sana futa nusu.

Vioo, waya na propela

Kioo cha juu kinaingia mwisho na kinabandikwa na ile gundi nyeupe ya watoto tu. Supaglu ikikauka inatoa mvuke unaoacha kioo na weupe kama dirisha la bafu, na huo hautoki kwa kupangusa.

Waya wa antena unatengeneza kwa fremu iliyobaki. Shika kipande kwa mikono miwili juu ya mshumaa, si ndani ya moto, zungusha mpaka katikati kilegee king'ae, toa kwa moto, hesabu moja, vuta polepole mikono ikiachana. Unapata uzi mwembamba kama unywele. Ukivuta haraka sana unakatika, ukivuta ukiwa bado juu ya moto unakatika na kuwaka.

Propela kata visu vyake ubakishe kitovu, halafu kata duara ya plastiki angavu kutoka kifuniko cha keki, kipenyo sawa na propela, sugua kwa 2000 kwa mzunguko ili ipate ukungu mwembamba, na njano nyembamba kwa ukingo wa nje. Ile kelele maarufu ya Harvard ilitoka hapo hapo kwa ncha, zinazunguka karibu na mwendo wa sauti, ndio maana watu wanasema waliisikia kabla hawajaiona.

Kuning'iniza

Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba. Usifunge mahali pamoja, itazunguka kila mtu akifungua mlango. Toboa vishimo vitatu na sindano iliyopashwa moto, mbili pale bawa la katikati linakutana na la nje, moja mbele ya mkia, nyuzi zote tatu zikutane juu kwa pete moja. Bawa la kushoto lifupishe uzi kidogo na ndege italala upande kama inakata kona. Msumari kwa dari, na urefu uwe juu ya kichwa cha mtu aliyesimama.

Yangu nilimpelekea cucu kwa boksi la viatu limejazwa sponji, nimelifunga nyuma ya pikipiki na mpira, kilomita mia moja na hamsini na kitu, ikavunjika waya wa antena tu. Nikaining'iniza sebuleni kwake. Alikaa kwa kiti akaangalia juu, akahesabu vibomu kwa kidole mpaka nane, akaniuliza kama chai nitakunywa na mkate au viazi vitamu.